Uchukue tayari, unakili au uchonge mwenyewe? Njia nne za kupata vipande vya tovuti

Kijana mmoja anayemalizia masomo Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alinijia juzi na kompyuta kwapani. Alikuwa ametoka kupata kazi yake ya kwanza ya kulipwa: tovuti ya shule moja ya mtaa wa Katuba, ambapo mzazi ataona minerval (karo) aliyokwisha kulipa na deni lililobaki. Akakaa, akafungua skrini. "Yaya (kaka mkubwa), tuchukue ipi?" Alikuwa na kurasa kumi na kitu wazi, kila moja ikijisifu kuwa ndiyo maktaba bora ya vipande. Swali hilo nimelijibu mara nyingi kwa mdomo hapa Lubumbashi, na kila mara jibu limetoka tofauti kwa sababu waliouliza walikuwa tofauti. Safari hii naandika.

Kwa anayeanza: ukurasa wowote wa tovuti umejengwa kwa vitu vinavyojirudia. Kuna kitufe, sanduku la kuandikia, kalenda, jedwali, na lile dirisha dogo linalokuuliza "Una hakika?" Maktaba ya vipande ni seti ya vitu hivyo, imetengenezwa na kujaribiwa na watu wengine, nawe unaviweka kwenye kazi yako badala ya kuanza na mikono mitupu kila mara.

Wanne tunaowalinganisha

Wa kwanza ni Bootstrap. Ilitoka Twitter mwaka 2011, mikononi mwa Mark Otto na Jacob Thornton. Unaandika HTML yako ya kawaida (lugha inayounda ukurasa), unaipa majina ya madarasa yake (`class`, lebo za mitindo), na mitindo inakuja. Haijali kama ukurasa unatoka kwenye lugha ya PHP au Python, au kwenye faili tupu.

Wa pili ni maktaba kubwa za React, zana ya JavaScript (lugha inayoendesha ukurasa ndani ya kivinjari) ya kujengea sura za tovuti. Nachukua mbili kwa pamoja, Material UI na Ant Design, kwa sababu zinafanana kitabia. Ya kwanza inafuata Material Design, kanuni za muonekano ambazo Google ilizitangaza mwaka 2014. Ya pili imetoka China, kwa watu wa Ant Group, na ukiiangalia kidogo tu utajua ilizaliwa kwa ajili ya mifumo ya ofisini.

Wa tatu ni shadcn/ui, ya mwaka 2023. Yenyewe haisakinishwi kama kifurushi: unatoa amri, nayo inanakili faili la kitufe ndani ya folda yako, ukae nalo. Chini ya ile niliyoitumia kuna Radix, maktaba inayoshughulikia tabia ya vipande, na Tailwind, zana inayoshughulikia sura.

Wa nne ni wewe mwenyewe, na HTML ambayo kivinjari tayari kinayo.

Anayefanya kazi na Vue au Angular, zana nyingine za aina ya React, asione amesahaulika. Vuetify na Angular Material zinakaa kwenye ukoo wa pili, na mengi nitakayosema juu ya ukoo huo yanazihusu.

Vigezo

Uzuri sikuuweka. Zote nne zinaweza kupendeza, na zote nne zinaweza kuchusha macho. Nimepima mambo haya: mtumiaji anapakua kiasi gani, unahitaji nini ili uanze, mteja akisema "badilisha" inakuwaje, toleo jipya likitoka inakuwaje, mtu wa kibodi au asiyeona anahudumiwa vipi, na lugha pamoja na pesa zetu mbili zinakaa wapi.

Ili nisilinganishe embe na muhogo nilijenga kitu kimoja kwa njia zote nne: fomu ya minerval. Ina jina la mwanafunzi, darasa, kiasi kwa falanga au dola, tarehe, kitufe cha kulipa, na dirisha la kuthibitisha.

Katika vigezo vyote utaona jambo moja likirudi: msimbo wa kitufe unakaa kwa nani? Kwa Bootstrap umo ndani ya faili la wengine, nawe unauita kwa jina. Kwa Material UI na Ant Design umo ndani ya kifurushi, nawe unauomba kupitia matundu waliyoyaacha. Kwa shadcn/ui umo kwenye folda yako. Kwa njia ya nne uliuandika mwenyewe. Ni kama mlango: ukinunua ule wa chuma uliokwisha chomelewa kando ya barabara, ukuta ndio utakaofuata vipimo vya mlango.

Uzito kwa mtumiaji

Mzazi wa Katuba atafungua tovuti kwenye simu ndogo ya Android, kwa mega alizonunua asubuhi. Faili la mitindo la Bootstrap 5 likibanwa ni kama kilobaiti 30. La JavaScript yake ni pungufu kidogo ya hapo, na kama huna menyu ya kukunjua wala dirisha unaweza kuliacha kabisa.

Material UI na Ant Design lazima zipitie React. React pamoja na sehemu yake ya kivinjari, kabla hujaweka kitufe kimoja, ni zaidi ya kilobaiti 40 zilizobanwa. Halafu vinakuja vipande vyenyewe, pamoja na mashine inayotengeneza mitindo ukurasa unapoendeshwa. Zana za leo huacha nje usivyotumia, lakini ukiita jedwali na kalenda, umeviita na ndugu zao wote. shadcn/ui nayo ni React, kwa hiyo kiingilio ni kilekile. Inapookoa ni kwenye CSS, yaani msimbo wa mitindo, maana Tailwind huiandaa wakati wa kujenga na kubakiza madarasa uliyoyatumia tu. Fomu niliyoichonga mwenyewe ilikuwa nyepesi kuliko picha ya nembo ya shule.

Usiutukuze uzito kupita kiasi, lakini. Mhasibu anayefungua mfumo asubuhi na kuufunga jioni atalipa upakuaji huo mara moja tu, na kesho yake kivinjari kitakuwa bado kimeyahifadhi mafaili. Uzito unamuuma mgeni, yule anayeingia mara moja kwa mwezi akiwa na mega chache.

Kuna dhana nyingine ambayo bado naikuta kwa vijana: kuita Bootstrap kutoka seva ya pamoja ya mbali, kwa imani kwamba simu ya mzazi ilikwisha kuipakua kwenye tovuti nyingine. Zamani ilikuwa kweli. Tangu mwisho wa mwaka 2020 Chrome hutenganisha hifadhi ya kila tovuti, kwa hiyo faili lilelile litapakuliwa upya. Liweke kwenye seva yako.

Siku ya kwanza

Bootstrap inaingia kwenye flash disk. Mafaili mawili, kihariri chochote, na umeme ukikatika unaendelea na betri bila kutafuta mtandao. Flash yangu yenye mafaili hayo bado ninayo, na imeshaazimwa na nusu ya mtaa.

Njia ya React inadai Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari), inadai ujue React, na inadai upakue folda ya `node_modules`, ambayo kwa mradi wa kawaida hufika mamia ya megabaiti. Fanya hivyo mahali penye wifi. Ukishavuka hapo, Material UI na Ant Design zinakupa mwendo ambao hizi nyingine hazina: jedwali linalopangika, linalochujika, lenye kurasa, unaweza kuwa nalo kabla ya chakula cha mchana. Angalia leseni tu. Zote mbili ni za bure kwa msingi, lakini Material UI ina sehemu za kulipia. Kwa mfano, kalenda yake ya kuchagua kipindi kutoka tarehe fulani hadi nyingine ni ya kulipia, wakati Ant Design inayo bila malipo.

shadcn/ui inataka ujue vitu vingi kabla ya kitufe cha kwanza: React, Tailwind, na mara nyingi TypeScript (JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data). Kisha unaandika `npx shadcn@latest add dialog`, na faili `dialog.tsx` linatokea kwenye folda yako ya vipande. Mara ya kwanza nililifungua, nikalisoma juu hadi chini, nikaelewa. Kwa mtu anayejifunza hiyo si faida ndogo.

Kuchonga mwenyewe kunaanza haraka sana na kunapungua mwendo polepole.

Mteja akisema "badilisha"

Hapa ndipo miradi mingi inapoumizwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilipompa mhasibu wa shule moja mfumo wa kujaribu, alibonyeza kitufe cha kulipa, mtandao ukawa unasuasua, skrini ikatulia kimya. Akabonyeza tena. Akaniita: "Papa, njoo uone. Niko nafinya, haiitike." Nilipofika kulikuwa na risiti nne za mwanafunzi mmoja. Seva yangu ilipaswa kukataa marudio, hilo ni kosa langu na nililirekebisha. Lakini kitufe nacho kilipaswa kugeuka "Subiri…" na kukataa kubonyezwa mara ya pili.

Kwa Ant Design kazi hiyo ni neno moja: unakipa kitufe sifa ya `loading`, kinaanza kuzungusha alama yake na kupuuza mibonyezo. Material UI nayo sasa ina sifa hiyo kwenye kitufe chake. Bootstrap inakupa alama ya kuzunguka na sura ya kitufe kilichozimwa, lakini JavaScript ya kuviunganisha ni yako, na kama kitufe hicho kipo kwenye kurasa tisa bila kiolezo cha pamoja, utazunguka kurasa tisa. Kwa shadcn/ui nilifungua `button.tsx`, nikaongeza mistari michache, kila ukurasa ukapata. Njia ya nne ilikuwa hivyohivyo, kwa kuwa mapema nilikiweka kitufe mahali pamoja. Nisingefanya hivyo, ningelia kama wa Bootstrap.

Siku ya pili wakataka rangi ya kijani ya shule. Ant Design na Material UI zina mahali pamoja pa mandhari: unabadilisha rangi kuu, mfumo mzima unafuata, hata kivuli cha kitufe kikiguswa. shadcn/ui ina vigeu vya CSS (majina yanayobeba thamani, kama rangi) katika faili moja, matokeo karibu sawa. Bootstrap ina mtego. Ukibadilisha kigeu `--bs-primary` ukitegemea kitufe cha `btn-primary` kigeuke, hakigeuki, kwa sababu kitufe kina vigeu vyake vyenyewe. Njia safi ni kukusanya upya kwa Sass, zana inayozalisha CSS, na hapo ule urahisi wa mafaili mawili kwenye flash umeisha.

Siku ya tatu, kalenda ionyeshe siku za mitihani kwa rangi nyingine. Hapa kila mmoja alitoa jasho. Ant Design na Material UI zinaruhusu uichore seli ya siku kwa namna yako, kupitia tundu waliloliacha, na unachotaka kikiwa nje ya tundu hilo unaanza kupigana na msimbo usio wako. Kalenda ya shadcn/ui iko kwenye folda yako, ila ndani yake kuna kifurushi kingine, React DayPicker, kwa hiyo "ni yako" ina mpaka wake. Bootstrap haina kalenda kabisa. Na ile ya kivinjari, `<input type="date">`, ni mali ya kivinjari: huwezi kupaka siku zake rangi hata ukiomba kwa magoti.

Toleo jipya likitoka

Usiku mmoja nilihamisha tovuti ya depo ya vipuri kutoka Bootstrap 4 hadi 5. Nikabadilisha mafaili, nikaangalia kwenye kompyuta, safi, nikalala. Asubuhi menyu ya simu haifunguki, na skrini haionyeshi kosa lolote. Toleo la 5, la Mei 2021, liliiacha jQuery (maktaba ya zamani ya JavaScript) na kubadilisha majina: `data-toggle` ikawa `data-bs-toggle`, `ml-3` ikawa `ms-3`. Yote yameandikwa kwenye mwongozo wao wa kuhama. Sikuwa nimeusoma.

Ukoo wa pili unakuja na mabadiliko makubwa zaidi. Mwaka huohuo wa 2021 Material UI ilibadilisha jina la kifurushi kutoka `@material-ui/core` kuwa `@mui/material` pamoja na mashine yake ya mitindo. Walitoa zana za kusaidia kuhama, lakini waliokuwa wamejenga mengi juu ya mitindo ya zamani walikuwa na kazi. Ant Design ina kisa kinachosimuliwa hadi leo: tarehe 25 Desemba 2018 vitufe vyake viliota theluji juu, utani uliofichwa ndani ya msimbo, na ofisi zikaamka na theluji kwenye mifumo ya kazi bila mtengenezaji wao kujua imetoka wapi. Waandishi wake waliomba radhi. Simtanii mtu, namkumbusha msomaji kwamba kilicho ndani ya kifurushi kinakuja na uamuzi wa mwenyewe.

Kwa shadcn/ui hakuna kinachosogea bila mkono wako. Vilevile hakuna kinachotengenezwa bila mkono wako: wao wakirekebisha hitilafu kwenye faili lao, lako linabaki na hitilafu hadi uyalinganishe na kuhamisha. Ulichochonga mwenyewe hakina hata mtu wa kulinganisha naye.

Kibodi na asiyeona

Dirisha la kuthibitisha likifunguka, kielekezi cha kibodi kinapaswa kuingia ndani yake, kitufe cha Tab kisitoroke nje, Escape ilifunge, na kielekezi kirudi pale kilipotoka. Bootstrap, Material UI, Ant Design na Radix zinalifanya hilo. Anayechonga atumie `<dialog>` na kuifungua kwa `showModal()`, maana tangu Machi 2022 vivinjari vyote vikubwa vinaielewa na inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Pasipofaa kuchonga ni orodha inayopendekeza majina unapoandika. Nilijaribu. Mishale, Enter, kisoma skrini, kidole kwenye simu: kila ukiziba hapa panavuja pale. Na hakuna maktaba itakayokuokoa ukiacha sanduku la kuandikia bila lebo.

Falanga, dola na lugha

Mzazi mmoja analipa 150 000 FC, mwingine 60 $, kwenye fomu ileile. Katika hili maktaba zote nne ni sawa: haziwajibiki. Tumia `Intl.NumberFormat` iliyomo kwenye kivinjari, na `fr-CD` kwa Kifaransa cha kwetu na `CDF` kwa falanga. Hata Kiswahili cha Congo kina msimbo wake, `sw-CD`.

Tofauti iko kwenye maneno ya maktaba yenyewe. Material UI na Ant Design zina maneno yaliyofichwa ndani, kama yale ya chini ya jedwali kuhusu idadi ya mistari. Zinayo kwa Kifaransa tayari, unawasha tu. Ukitaka Kiswahili ulichokizoea, jiandae kuyaandika. Bootstrap karibu haina maneno yake. Ya shadcn/ui yapo kwenye faili lako, unayafuta na kuandika yako. Tarehe ya kivinjari inafuata lugha ya simu, kwa hiyo mzazi mwenye simu ya Kiingereza cha Marekani atauona mwezi kabla ya siku, na huwezi kumzuia.

Vitufe vijaribu kwa "Enregistrer", neno refu la Kifaransa la kuhifadhi, usivijaribu kwa "Save" fupi ya Kiingereza. Ndiyo sababu vingine hukatika maneno kwenye simu.

Nani anafaana na nani

Bootstrap inamfaa anayejua HTML na PHP, anayefanya kazi peke yake, na anayetaka mtu yeyote wa mjini aweze kuishika kazi hiyo akihama. Ant Design na Material UI zinafaa timu inayojua React na ina mfumo wa kazi wenye majedwali mengi, usiodai sura ya pekee. shadcn/ui inafaa timu ya React yenye mchoraji, au yenye mtu mmoja aliye tayari kuwa mlinzi wa folda ya vipande, maana isipolindwa baada ya mwaka utakuta vitufe vya aina sita. Kuchonga kunafaa tovuti ndogo, na mtu mwenye subira.

Ukiwa katika hali hii

Kurasa tatu nne za kusoma, wageni wa simu: chonga, au chukua Bootstrap bila JavaScript yake.

Mfumo wa ndani wa depo, kliniki au shule, watumiaji wachache, kompyuta ya ofisini: jaribu Ant Design au Material UI, na kabla ya kuchagua kati yao orodhesha vipande unavyohitaji uone kipi ni cha kulipia.

Bidhaa yako mwenyewe unayotaka ikue miaka, yenye sura isiyofanana na ya jirani: shadcn/ui, ukiwa na React mkononi. Huna React? Usijifunze React, Tailwind na TypeScript ndani ya kazi yenye tarehe ya mwisho.

Umerithi mfumo unaotumia moja kati ya hizi: baki nayo. Kuchanganya mbili kwenye ukurasa mmoja ni kumfanya mtumiaji alipie zote.

Wasomaji wawili tofauti kabisa, kama kwa yule kijana: tenganisha. Tulipomaliza kuongea alinakili flash yangu kwa ajili ya kurasa za wazazi. Kwa jedwali la mhasibu alisema ataanza na Ant Design, ila atasubiri usiku, wifi ya chuo ikipungua watu, ndipo asakinishe. Flash yenyewe bado hajairudisha.